Bunduki ya kulinda nyumba Marekani: anza na ukuta, duka baadaye

Wiki ya kwanza tulipohamia nyumba tunayoishi hapa Columbus, Ohio, nilitaka kutundika runinga. Nikashika msumari, nikagonga mara moja, ukazama wote hadi kichwani. Mimi nimekulia kwenye nyumba ya tofali, ambako msumari unapinda mara tatu kabla haujakubali kuingia. Nikaung'oa, nikachungulia tunduni kwa tochi ya simu: jipsam kama ile tunayopigia dari nyumbani, unene nusu inchi, kisha uwazi, kisha jipsam nyingine. Nyuma ya hiyo ya pili kuna kitanda cha mwanangu.

Tundu hilo lilinirudia akilini miaka miwili baadaye, mlango wa jirani ulipovunjwa usiku na mke wangu akaanza kuuliza kama hatuwezi kupata kitu cha kujilindia. Kila niliyemwendea kwa ushauri alianza na jina la kiwanda na ukubwa wa risasi. Hakuna aliyeniuliza nani analala nyuma ya ukuta. Kwa hiyo mwongozo huu nimeupanga kinyume na wanavyopanga wauzaji: karatasi, mlango, ukuta, kufuli, ndipo bunduki yenyewe. Ni wa Waswahili tunaoishi Marekani, hasa wanaonunua kwa mara ya kwanza. Mimi si mwanasheria. Ukiwa na shaka yoyote juu ya hadhi yako ya uhamiaji, mlipe mwanasheria saa moja kabla hujagusa chochote.

Hatua ya kwanza: karatasi zako

Wengi wetu tunadhani lazima uwe raia. Si lazima. Kwa sheria ya shirikisho, mwenye grini kadi anaruhusiwa, awe aliipata kwa bahati nasibu ya viza au kwa ndoa. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi na mtu aliyepewa hifadhi nao hawamo kwenye katazo. Waliokatazwa ni walio nchini bila kibali, na wenye viza za muda kama wanafunzi, watalii na wafanyakazi wa mkataba, isipokuwa wachache wenye vighairi maalumu kama leseni halali ya uwindaji.

Juu ya hayo kila jimbo lina yake. Illinois inataka uwe na kadi ya FOID, kitambulisho cha mwenye bunduki, kabla hata hujamiliki risasi moja. Massachusetts na New Jersey zinakupeleka polisi kuomba kibali, Minnesota inataka kibali cha kununua bastola, California inakusubirisha siku 10. Hapa Ohio hakuna lolote kati ya hayo, na urahisi huo ndio unaowaponza watu, maana mtego hauko kwenye kununua, uko kwenye fomu.

Fomu yenyewe inaitwa 4473. Unaijaza dukani kwa mkono wako, na muuzaji anaulizia jina lako kwenye mfumo wa FBI uitwao NICS, ulioanza kazi Novemba 1998. Asiye raia anaandika na namba yake ya uhamiaji. Soma kila swali, na kama Kiingereza kinakupiga chenga, nenda na mtu akutafsirie kabla hujatia tiki. Kuna swali la bangi: hata kama jimbo lako limeihalalisha, fomu inakwambia wazi kwamba kwa sheria ya shirikisho mtumiaji wake hapati bunduki. Kuna swali la hukumu ya kumpiga mwenzi wa ndoa, hata iwe kosa dogo lililoishia kwa faini. Na kuna swali la kama bunduki unajinunulia mwenyewe.

Hili la mwisho linatuumiza sana sisi kwa tabia yetu ya kusaidiana. Shemeji yako karatasi zake hazijakaa sawa, anakupa dola 500, anakuomba umchukulie moja kwa jina lako. Kwetu huo ni undugu. Kwa sheria ya hapa ni kosa ambalo tangu mwaka 2022 lina adhabu ya hadi miaka 15 jela. Na kwa asiye raia kuna la zaidi: kosa la bunduki ni sababu ya kufukuzwa nchini, hata ukiwa na grini kadi ya miaka ishirini na watoto waliozaliwa hapa. Mwambie shemeji hapana, akasirike.

Umri ni miaka 21 kwa bastola na 18 kwa bunduki ndefu ukinunua kwa muuzaji mwenye leseni. Majimbo kadhaa yamepandisha. Na ukiwa mpangaji, fungua mkataba wa pango usome kama unaruhusu bunduki kabla ya kutoa pesa.

Hatua ya pili: mlango

Hii fupi, lakini nisipoisema nitakuwa nimekudanganya. Milango mingi ya nyumba za hapa imeshikiliwa na skrubu ambazo hazifiki hata inchi moja. Teke moja, fremu inapasuka. Nunua skrubu za inchi tatu, ondoa zile fupi kwenye bamba linalopokea komeo na kwenye bawaba, funga hizo mpya zizame mpaka kwenye mbao za ukuta. Kazi ya nusu saa, gharama ya chakula cha mchana. Ongeza taa ya nje inayojiwasha mtu anapopita, na kama unaweza, mbwa mwenye kelele. Mtu anayehangaika mlangoni kwa dakika mbili anakupa dakika mbili za kuamka, kuwakusanya watoto na kupiga 911, namba ya dharura. Bunduki bila dakika hizo mbili inakukuta usingizini.

Hatua ya tatu: chora nyumba yako

Chukua karatasi, chora vyumba vyote, weka alama kila kitanda. Kisha simama mlangoni pa chumba chako cha kulala, nyosha mkono kama mwenye tochi kuelekea ngazi, sebule, mlango wa mbele, na kila unapoelekeza jiulize mstari huo ukitoboa ukuta utaishia wapi. Nilipofanya hivi niligundua kwamba kutoka chumbani kwetu kuna upande mmoja tu salama: wa ngazi, ambako nyuma yake kuna ukuta wa nje wa matofali. Kushoto ni watoto. Mbele kabisa, kupitia dirisha la sebule, ni nyumba ya jirani.

Hakuna risasi yenye uwezo wa kumsimamisha mtu ambayo itasimamishwa na jipsam. Ya bastola ya milimita 9 hupita kuta kadhaa za ndani, na marisau makubwa, yaani vigololi vya shotgani, nayo hupita. Wanaoishi apatimenti waelewe kwamba ukuta ule ule ndio unaowatenga na familia ya jirani.

Ndiyo maana mpango wa nyumba za hapa ni kujikusanya sehemu moja. Wote wanakwenda chumba kimoja, mlango unafungwa, simu inapigwa, na mwenye bunduki anakaa upande ule salama akiwa ameelekea mlango. Kuzunguka nyumba gizani ukitafuta mwizi kama kwenye filamu ndiyo njia ya kumpiga mwanao aliyeamka kunywa maji.

Hatua ya nne: kufuli kabla ya bunduki

Najua wengi mlikuja hapa kwa ajili ya bunduki. Nivumilieni, kwa sababu kufuli ndiyo iliyoniamulia bunduki ya kununua.

Masharti ya kufuli ni mawili na yanavutana: mtoto asiweze kuifungua hata akiwa na siku nzima, na wewe uifungue gizani kwa sekunde chache. Juu ya kabati si kufuli. Chini ya godoro si kufuli. Watoto wanajua Krismasi inafichwa wapi. Kinachotimiza yote mawili ni kisanduku cha chuma cha kufungua haraka, cha ukubwa wa kitabu kinene, kilichofungwa kwa boliti au waya wa chuma kwenye kitanda au sakafu ili mwizi asikibebe kizima.

Cha kwanza nilichonunua kilikuwa cha alama ya kidole. Jioni moja nimetoka kumsaidia mke wangu kukanda unga wa chapati, nikasema ngoja nikijaribu. Kidole kikakataa. Nikafuta mkono kwenye suruali, kikakataa. Mara ya tano kikakubali. Nilikirudisha, nikachukua cha vitufe vya kubonyeza kwa mpangilio, kisichotegemea betri wala jasho. Kama chako kina betri, ibadilishe kila mwaka siku unayoikumbuka, na ufunguo wa akiba usiuache ndani ya nyumba mahali ambapo mtoto anapajua.

Kuna jambo lingine kuhusu kufuli ambalo kwetu halisemwi. Kwa miaka mingi sasa, zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki Marekani ni vya watu wanaojiua. Kijana wako wa miaka 15 anayejifungia chumbani, mdogo wako aliyepoteza kazi, wewe mwenyewe na mawazo ya usiku. Ikiwa ndani ya nyumba kuna mtu anayepita kwenye giza hilo, jibu la swali la bunduki gani ni hakuna, kwa sasa. Kama tayari unayo, mwambie mtu unayemwamini aishike au abadilishe namba za sefu, kwa kufuata sheria ya jimbo lako. Namba ya simu ya msaada ni 988, saa 24.

Hatua ya tano: bastola, shotgani au raifo

Sasa tuingie dukani.

Shotgani, bunduki ya marisau, ndiyo utakayoambiwa kwanza, mara nyingi na mzee mmoja mwenye kofia. Atakwambia mambo mawili ya uongo. La kwanza, kwamba huhitaji kulenga kwa sababu marisau yanatawanyika. Ndani ya chumba cha mita tano, shada lote la marisau makubwa linatua kwenye eneo linalofunikwa na kiganja. Usipolenga, unakosa. La pili, kwamba mlio wa kuikoki tu unamkimbiza mwizi. Labda. Lakini pia unamwambia uko wapi.

Ukweli wake ni huu: haina mpinzani kwa nguvu ya karibu, haina bei kubwa (Mossberg 500 na Remington 870 ziko kila mahali, mpya na kuukuu), na majimbo mengi hayaisumbui. Dosari yake ni kwamba ni ndefu, inataka mikono miwili, na ile ya geji 12, yenye mtutu mpana zaidi ya geji 20, inapiga teke la punda. Aina ya kukoki kwa mkono ina mtego mwingine: mtu mwenye hofu hukoki nusu, na nusu hiyo inaikwamisha. Ukiipenda shotgani, fikiria geji 20, ambayo kila mtu mzima wa nyumba ataweza kuimudu. Na usije ukamsikiliza anayekwambia uikate mtutu iwe fupi. Chini ya inchi 18 kwa shotgani, au inchi 16 kwa raifo, unaingia kwenye sheria ya shirikisho ya mwaka 1934, na hiyo haina mchezo.

Raifo aina ya AR-15 inazua maneno mengi kuliko inavyostahili. Herufi AR zinatokana na ArmaLite, kampuni iliyoibuni. Kwa mlengaji mpya ni rahisi kuliko zote: kitako kiko begani, teke lake dogo, na risasi zake nyepesi za .223 huvunjika zikigonga vitu, ingawa kwenye jipsam bado zinatoka upande wa pili zikiwa na uwezo wa kuua. Lakini mlio wake ndani ya chumba kilichofungwa ni adhabu. Karibu kila bunduki ya kawaida inavuka desibeli 140, kiwango cha kuharibu masikio mara moja, na raifo ni mbaya zaidi. Isitoshe, California, New York, New Jersey, Massachusetts, Illinois na Washington ni kati ya majimbo yanayoikataza au kuibana.

Bastola ndiyo ngumu kuliko zote kulenga. Nasema hivyo mapema kwa sababu ndiyo niliyoichagua. Mtutu ni mfupi, mkono ukitetemeka kidogo risasi inakwenda kando sana. Lakini inaingia kwenye kile kisanduku cha kando ya kitanda. Shotgani na raifo zinataka kabati refu, na kabati refu kwa watu wengi linaishia gereji au chumba cha chini, kwa hiyo usiku bunduki inatolewa kabatini na kuegeshwa pembeni ya kitanda bila kufuli. Nimeiona hali hiyo kwenye nyumba za watu makini kabisa. Faida nyingine, bastola inakuachia mkono mmoja wa kumbeba mtoto, kufungua mlango, kushika simu.

Kwa hiyo, kwa nyumba yenye watoto na mnunuzi wa mara ya kwanza, ushauri wangu ni bastola ya milimita 9 ya ukubwa wa wastani au mkubwa. Glock 19 ndiyo mfano unaojulikana, yenye magazini (kikasha cha risasi kinachoingia kwenye mpini) ya risasi 15 na uzito wa gramu 600 hivi ikiwa tupu; Smith & Wesson, SIG Sauer, CZ na wengine wana za kwao zisizopungua ubora. Majimbo mengine, kama California na New York, yanaishia risasi 10 kwa magazini. Milimita 9 inatosha. FBI wenyewe walikuwa wamehamia kwenye risasi kubwa zaidi ya .40, wakairudia 9 katikati ya miaka ya 2010, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba maofisa wao walilenga vizuri zaidi nayo.

Usichukue bastola ndogo ya mfukoni kwa kulinda nyumba. Hasa usimchukulie mkeo kwa sababu eti ni ndogo na ni ya kike. Bastola ikiwa nyepesi, teke linaongezeka. Ile imetengenezwa ifichike, haikutengenezwa ilengeke.

Hatua ya sita: shika kabla ya kulipa

Viwanja vingi vya shabaha vinakodisha bunduki. Lipa saa moja, kodi tatu, piga risasi hamsini, na nenda na mwenzako wa ndani. Muuzaji mmoja hapa mjini alitutolea rivolva fupi, bastola ya silinda inayozunguka, akampa mke wangu huku akinitazama mimi. Mke wangu akaijaribu kifyatulio, akairudisha. "Hii inataka vidole viwili," akamwambia. Tulipofika kwenye bastola za kawaida, kwenye ya kwanza hakuweza kuvuta sehemu ya juu kuikoki. Mimi nilikuwa tayari nimeipenda. Tukaiacha. Kuna zilizotengenezwa makusudi kwa mikono isiyo na nguvu, kama zile za Smith & Wesson zenye jina la EZ, na kuna nyingine za kawaida ambazo ni laini tu. Ile ambayo yeye anaweza kuikoki, kulenga na kuitoa risasi bila msaada wangu ndiyo tuliyonunua. Nikiwa zamu ya usiku, nyumbani yuko yeye.

Mambo ya kupima ukiwa nayo mkononi: kidole kinafika kwenye kifyatulio bila kuhama mshiko? Unaweza kubonyeza kitufe cha kuachia magazini? Unaiona shabaha bila kukunja uso? Kitu kingine chochote muuzaji anachokisifia kinaweza kusubiri, isipokuwa tochi. Tochi ya mkononi yenye mwanga mkali ni ya lazima, kwa sababu utakachokitaja zaidi mbele ya jaji ni jinsi ulivyomtambua uliyemlenga.

Bei: bastola nzuri mpya iko kati ya dola 400 na 600. Weka pembeni nusu ya fedha hizo tena kwa kisanduku, kinga ya masikio, mafunzo na risasi za mazoezi. Kama hiyo nusu haipo, subiri mwezi.

Risasi ziko za namna mbili. Za mazoezi zina kichwa cha mviringo kilichofunikwa shaba, ni za bei nafuu, na zinatoboa sana. Za kujilinda zina tundu kichwani ili zipanuke zikigonga mwili na zipunguze kutokea upande wa pili. Za nyumbani ziwe hizo, baada ya kupiga japo boksi moja uhakikishe bastola yako haizikwamishi.

Hatua ya saba: usiku wenyewe

Aprili 2023, huko Kansas City, Missouri, kijana wa miaka 16, Ralph Yarl, alikwenda kuwachukua wadogo zake mapacha. Akakosea anwani, akabonyeza kengele ya nyumba isiyo yao. Mzee wa miaka 84 aliyekuwa ndani alimpiga risasi kichwani kupitia mlango wa kioo. Kijana alinusurika. Mzee alishtakiwa, na mwaka 2025 akakiri kosa. Hakuna aliyevunja mlango usiku ule. Sheria za kulinda nyumba, hata hizi za Ohio zisizokudai ukimbie, zinamzungumzia mtu anayeingia kwa nguvu na hofu yenye msingi. Kengele si nguvu. Nami nina watoto wa kiume ambao siku moja watakosea anwani.

Kwa hiyo zoezi la nyumbani kwetu, ambalo tunalifanya kila baada ya miezi kadhaa bastola ikiwa tupu na risasi ziko chumba kingine, liko hivi. Mke wangu anawaleta watoto chumbani. Mimi nafungua kisanduku, kidole nje ya kifyatulio, mtutu kuelekea ngazi. Anapiga 911. Kama Kiingereza kimemruka kwa hofu, anataja anwani, kisha anasema neno "Swahili" na kusubiri kwenye laini, kwa sababu vituo vingi vina wakalimani wa simu. Anaeleza tumo chumba gani, tuko wangapi, mwenye bunduki ni nani na amevaa nini.

Sehemu ya mwisho ndiyo tunayoirudia zaidi. Polisi wanapofika hawajui mwenye nyumba ni yupi, na wewe ni mwanamume mweusi mwenye bastola gizani. Wakishasema wako ndani, bastola inarudi kwenye kisanduku au inawekwa sakafuni mbali na mkono, mikono inabaki mitupu na inaonekana, na hakuna anayetoka chumbani mpaka aitwe. Mwanangu mdogo ndiye hushika saa. Mara ya mwisho tulitumia sekunde 40, kumi kati ya hizo akitafuta ndala.